Warsha Zisizo na Mikono

Ni nadra siku hizi juma kupita katika vyuo vyetu vikuu bila tangazo la warsha kubandikwa mlangoni mwa idara. Huwapo warsha ya istilahi, warsha ya uhakiki, warsha ya mbinu za utafiti, na nusura tupate warsha ya namna ya kuandaa warsha. Anayehudhuria anajua mapema atakayoyakuta: viti vilivyopangwa safu kwa safu, projekta inayosumbua kuwaka, mgeni wa heshima anayesubiriwa kwa saa nzima, chai ya saa nne na andazi lake, maazimio yanayosomwa haraka jioni, kisha vyeti. Tangu asubuhi hadi magharibi mikono ya mshiriki haishiki kitu ila kalamu na kikombe. Hata hivyo, neno lenyewe halikuzaliwa na maana hiyo. Kwa Waarabu tuliolipokea kwao, warsha hadi leo ni pahali pa fundi, panapokarabatiwa magari au kurandwa mbao. Sisi tumelitwaa neno tukaiacha kazi. Nduguye karakana, ambalo asili yake ni Kiajemi na maana yake ni nyumba ya kazi, tumewaachia mafundi wa vyuma, tukaona halina nafasi katika kitivo cha sanaa.

Muradi wa makala haya ni kudai kwamba idara za Kiswahili zinahitaji warsha kwa maana ile ya awali: chumba kimoja chenye beseni, kinu, sindano na uzi, ambamo mwanafunzi wa Kiswahili atatengeneza karatasi, atajalidi kitabu na kusuka ukili kwa mikono yake mwenyewe, na mafunzo yote yakatolewa kwa Kiswahili. Sidai hivyo kwa ajili ya kupata burudani ya Jumamosi. Nadai hivyo kwa sababu pasipo kazi hizo, sehemu kubwa ya lugha tunayojigamba kuibobea tunaisoma kwa kukisia tu.

Hebu tuanzie karibu, katika istilahi za fasihi ambazo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huzikariri. Husemwa kwamba mshairi hutunga. Kabla ya kutunga shairi, watu walitunga shanga, walitunga maua, na mvuvi alitunga samaki wake akarudi nyumbani na mtungo mkononi. Kutunga ni kupitisha uzi katika vitu vilivyokuwa mbalimbali hadi vikafuatana. Mpangilio wa matukio katika riwaya tunauita msuko, na msuko ni kazi ya mwenye kusuka. Mizani ni chombo cha mwuza duka. Waliotuachia maneno haya walikuwa wameviona vitu vyenyewe, na bila shaka wengi wao walivishika. Sisi tumerithi tamathali baada ya kitu kuondoka, na ndiyo maana tunapoambiwa kwamba msuko wa riwaya fulani umelegea, tunaandika hivyo katika mtihani bila kujua msuko hulegea vipi, wala hulegea kwa sababu gani.

Mhadhiri wetu mmoja alipata kuuliza darasani tofauti iliyopo baina ya ukili na mkeka. Waliojibu walikuwa wawili, wote wazaliwa wa Pwani. Wengine tulitazamana. Ukili ni ule utepe mrefu unaosukwa kwanza kwa majani yaliyochanwa membamba. Mkeka huja baadaye, ukili unaposhonwa ubavu kwa ubavu hadi upana utakiwao upatikane. Msukaji wa mkeka mzuri hutaka ukindu, yaani majani machanga ya mkindu, ilhali miyaa hutumika zaidi kwa vikapu, makanda na majamvi. Majani huchanwa, huanikwa, na yale yanayotakiwa kuwa ya rangi huchemshwa pamoja na rangi, ndipo kazi ianze. Mtu aliyekwisha kuyaona hayo hahitaji kufafanuliwa kwa nini msanii wa zamani alipenda kulinganisha subira na kazi ya ukili. Asiyeyaona huandika pambizoni: “ukili = aina ya mkeka”, na tayari amekosea.

La mno ni kwamba mjadala ule haukuishia Pwani. Mwenzetu mmoja kutoka Machakos alisimama akaeleza namna nyanyake alivyokuwa akitengeneza uzi wa kiondo: nyuzi za mkonge, na zamani za gome la mbuyu, ziliviringishwa juu ya paja kwa kiganja hadi zikashikana. Alieleza kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno, kwa kuwa Kiswahili chake kilimwishia katikati. Neno “kutengeneza” lilimtosha kwa hatua zote sita. Ndipo darasa zima likaanza kutafuta: hapa ni kusokota, hapa ni kupota, hapo sasa ni kusuka, na pale mwishoni ni kushona. Maneno hayo yamo katika kamusi zetu zote, nasi tuliyajua kwa sura. Siku hiyo ndiyo ya kwanza kuyaona yakitenganishwa na kazi yenyewe. Sijapata kuhudhuria kipindi cha semantiki kilichonifaa kuliko robo saa ile, na hakikuwa hata katika ratiba.

Tukitoka katika kikapu tukaingia katika kitabu, hali ni ile ile, na pengine ni mbaya zaidi maadamu kitabu ndicho riziki yetu. Wangapi miongoni mwetu wanakumbuka kwamba neno chuo, tunaloliandika kila siku katika barua za kuomba mikopo, maana yake ya zamani ni kitabu? Utendi wa Tambuka, ambao Mwengo bin Athumani aliutunga Pate mnamo mwaka wa 1728, huitwa pia Chuo cha Herekali, yaani kitabu cha Herekali. Kutoka kitabu, neno likahamia mahali pa kukisomea kitabu, kisha likapanda hadi likawa chuo kikuu. Kadhalika jalada. Shina lake katika Kiarabu ni ngozi, na mjeledi ni jamaa yake wa damu, kwani kitabu kilivikwa ngozi na mjeledi ulikatwa katika ngozi hiyo hiyo. Kitenzi kujalidi kimo katika kamusi, kikingoja mtu wa kukitumia.

Kazi hizo hazikuwa ngeni katika pwani yetu ya Kenya. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulifahamika katika karne ya 19 kwa wanavyuoni wake na kwa mafundi wake: walioshona viatu na mikanda ya ngozi, walionakili misahafu kwa mkono wakaipamba kwa wino wa rangi, na kuijalidi. Karatasi yenyewe haikutengenezwa huko. Ililetwa kwa majahazi, na sehemu yake kubwa ilitoka Italia, ambako viwanda vilitengeneza karatasi mahususi kwa ajili ya masoko ya Waislamu, nyingine zikiwa na alama ya hilali tatu ndani yake, ambayo huonekana ukurasa unapoinuliwa kwenye mwanga. Kwa hivyo mwandishi wa Siyu aliandika kwa kalamu ya tete, juu ya karatasi ya Italia, maneno ya Kiarabu au Kiswahili, kisha akayafunika kwa ngozi ya mnyama wa kwao. Historia yote ya biashara ya Bahari ya Hindi imo katika kitu hicho kimoja, na haiwezi kusomwa katika nakala iliyopigwa chapa upya.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka wa 1945. Wanafunzi wa tendi wanamfahamu kama mnakili, kwa kuwa sehemu kubwa ya hati ambazo wataalamu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann walizitegemea zilitoka mkononi mwake, na leo zimehifadhiwa London na Ujerumani. Lakini Kijuma alikuwa pia mshairi, mwanamuziki, na mchongaji wa milango. Mkono uliochonga mbao ndio uliochora herufi. Hakuna dalili kwamba alijiona ana taaluma mbili zinazopingana, moja ya akili na nyingine ya mikono. Utengano huo tumeuleta sisi, tukauimarisha kwa mitihani. Katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985, watoto walifundishwa Sanaa na Ufundi. Baadaye somo hilo likaondolewa katika mtihani wa kitaifa wa darasa la nane, na mara moja walimu wakalisahau, maana kisichotahiniwa kwetu hakifundishwi. Sasa mtaala wa umilisi unadai tena kwamba mtoto afinyange, asuke na abandike. Mwalimu atakayemwongoza kwa Kiswahili ni huyu anayehitimu leo bila kuwahi kushika sindano.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mapenzi ya vitu vya kale. Naomba wafike katika maktaba yoyote ya idara na waitishe diwani iliyochapishwa katika miaka ya 1960 au ya 1970. Mimi nimewahi kupewa nakala pekee ya tamthilia iliyokuwa katika orodha ya lazima, nikaikuta haina onyesho la mwisho. Kurasa zilikuwa zimebanduka moja baada ya nyingine kwa kuwa hazikuwahi kushonwa. Ziligandishwa mgongoni kwa gundi, gundi ikakauka, ikapasuka. Darasa letu lote likajadili hatima ya mhusika mkuu kwa kusikia tu. Zile kurasa zilizobaki zilikuwa za rangi ya chai, na ukizikunja pembe zinavunjika. Wakati huo huo, misahafu ya Siyu iliyoandikwa zaidi ya karne moja kabla yake bado hufunguka bila kumeguka. Ajabu hiyo ina sababu. Karatasi ya zamani ilitengenezwa kwa vitambaa vikuukuu vya kitani na pamba, vyenye nyuzi ndefu na imara. Tangu katikati ya karne ya 19 viwanda viligeukia miti, ambayo nyuzi zake ni fupi, vikatia na dawa zenye asidi, na asidi hiyo huila karatasi polepole toka ndani. Mwanafunzi akilijua hilo, ataelewa kwa nini maandishi ya kizazi kilichopigania nafasi ya Kiswahili katika elimu ya Kenya yamo hatarini kuliko ya kizazi cha Mwengo.

Na njia ya kulijua ni kuitengeneza karatasi. Mwaka mmoja, baada ya uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi, sisi wachache tulikusanya mabango ya kampeni yaliyokuwa yametapakaa bweni zima, tukayachana, tukayaloweka usiku kucha, na asubuhi tukayatwanga katika kinu tulichoazima jikoni. Ule ujiuji tuliumimina katika beseni la maji, tukachovya kiunzi cha mbao kilichowambwa wavu wa dirisha, tukakiinua taratibu kikiwa sawasawa, maji yakachuruzika na utando ukabaki. Utando huo hulazwa juu ya kitambaa, hukandamizwa, huanikwa. Jioni tulikuwa na karatasi, nene kidogo na za rangi ya kijivu, na katika moja ilisomeka wazi nusu ya neno “mabadiliko”. Tulipojaribu kuiandika kwa wino, herufi zilitambaa kama buibui. Hapo ndipo tulipofahamu kwa nini mafundi wa kale waliipaka karatasi yao wanga na kuisugua kwa jiwe laini kabla ya kumpa mnakili. Tukapika uji mwembamba wa wanga, tukapaka, tukasugua kwa chupa. Wino ukatulia.

Mabango ni mwanzo tu. Mkonge unaweza kupikwa pamoja na magadi hadi ukalainika, ukatwangwa na kuoshwa. Vivyo hivyo maganda ya mahindi na majani ya migomba. Kandokando ya Ziwa Victoria, huko Kisumu, gugumaji lililokuwa likilaaniwa na wavuvi limegeuzwa karatasi na kadi, na Mwaluganje kule Kwale wanatengeneza karatasi kutokana na kinyesi cha ndovu, ambacho ni nyuzi za majani zilizokwisha kusagwa bure. Nchi ambayo kiwanda chake kikubwa cha karatasi, kile cha Webuye, kilisimamisha kazi mwaka wa 2009 na kuuacha mji mzima bila riziki, haina sababu ya kuyadharau mafunzo haya, ijapokuwa sitaki kudanganya kwamba beseni letu lingeziba pengo hilo. Faida ninayoitafuta ni nyingine.

Faida hiyo niliiona vizuri zaidi kwa fundi mmoja anayejalidi tasnifu katika kibanda kilicho karibu na lango la chuo. Kila mwanafunzi wa uzamili humfuata akiwa na haraka, humkabidhi kurasa zake, hulipa, huondoka na jalada gumu lenye herufi za dhahabu. Sijui kama kuna aliyemkalia akamtazama. Nilimkalia. Alinionyesha kwamba karatasi ya kiwandani ina mwelekeo wa nyuzi: ukiichana kwa upande mmoja inakwenda moja kwa moja, kwa upande mwingine inapindapinda, na kitabu kilichokunjwa kinyume cha nyuzi hakitafunguka vyema maisha yake yote. Alinionyesha karatasi nne zikikunjwa pamoja zikawa fungu moja la kurasa kumi na sita, na namna mafungu yanavyoshonwa katika mkunjo kwa uzi uliopakwa nta, fungu la chini likishikwa na la juu yake. Kazi yake yote aliiita “bainding”. Nilipomtajia kujalidi, alicheka, akasema hilo ni neno la redioni. Nami nilipochukua sindano nikatoboa pembeni mwa mkunjo, alicheka tena. Yeye ana kazi bila neno; sisi tuna neno bila kazi, na masafa yaliyopo baina yetu hayazidi mita mia moja.

Huo ndio umbali ambao warsha ninazozipigania zinapaswa kuufuta. Tumezoea kuunda istilahi mezani kisha kuwapelekea wenye kazi, tukisikitika kwamba hawazitumii. Tungezikusanya au kuziunda kinuni na beseni likiwa mbele yetu, tungejua mara moja kama neno linatamkika na mtu mwenye mikono iliyolowa. Ule wavu na kiunzi chake tutauitaje? Chekeche? Kia? Na lile fungu la karatasi lililoshonwa? Mimi nina maoni yangu, lakini heri niyasikie ya fundi kwanza.

Pingamizi la fedha ndilo dogo kuliko yote. Beseni, kinu, wavu, shazia na bunda la uzi havifikii gharama ya chai ya siku moja katika warsha zetu za viti. Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaosema kwamba vitabu vinahamia katika simu, hivyo kushona karatasi ni kujichosha. Nakubali kwamba picha za kidijitali zimeokoa mengi. Hati za Msikiti wa Riyadha mjini Lamu zilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na leo mwanafunzi aliye Eldoret anaweza kuzitazama bila kupanda basi. Hata hivyo, picha haiinuliwi kwenye mwanga ili hilali tatu zionekane. Haisemi uzi ulipita wapi. Fauka ya hayo, zipo hati nyingine katika makasha ya familia, ambazo hazijapigwa picha na hazitapigwa kesho. Zinanyemelewa na mchwa na unyevu, na mara nyingine na mjukuu mwenye nia njema anayeunganisha ukurasa uliochanika kwa utepe wa plastiki wenye gundi, akaumaliza kabisa. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyefunzwa walau kutofanya hivyo, na kumweleza mwenye hati kwa lugha wanayoelewana, atakuwa ameifaa fasihi kuliko tasnifu kadhaa.

Lipo jambo moja ninaloliogopa katika pendekezo langu mwenyewe. Tunawajua kina mama wanaoletwa siku ya utamaduni, wakaketishwa pembeni na ukili wao, wakapigwa picha, wakapewa leso na makofi, na jioni wakatafutiwa matatu. Warsha ikiwa hivyo, isiwepo. Msukaji anayekuja kutufundisha ni mhadhiri mgeni, na alipwe kama mhadhiri mgeni, kwa saa, nauli ikiwa mbali. Atuchague yeye, aturudishe nyuma tukikosea, na jina lake liandikwe katika kozi. Najua ofisi za fedha zitauliza vyeti vyake. Idara ndiyo yenye wajibu wa kulijibu swali hilo, wala si yeye.

Kwa sasa tusingoje seneti. Chama chetu kina wanachama, kina Jumamosi, na kina jarida hili ambalo, kama msomaji atakavyoona akiligeuza, limebanwa kwa pini mbili ambazo zitashika kutu kabla ya mwaka kwisha. Toleo lijalo lingeweza kushonwa na wanachama wenyewe, nakala kwa nakala, na majalada yake yakawa ya karatasi tuliyoitwanga. Yule fundi wa kibandani amekubali kuja kutuonyesha. Ameomba tu aambiwe mapema ni nakala ngapi, ili anunue uzi wa kutosha na kuupaka nta Ijumaa.